Kengele ya Mashine Inatunza Historia ya Mji Wetu

Leo naleta historia ya kitu ambacho wengi tunakisikia tu kinalia: kengele ya hitilafu kwenye klimatizeri kubwa na vyumba vya baridi. Kazi yangu ni hiyo, ufundi wa baridi. Niseme mapema ninachoamini: hapa Goma, mara nyingi ile kengele hailii kwa sababu mashine ni mbaya. Inalia kwa sababu ya umeme tunaoipa. Tukiifuta bila kuandika, tunafuta ushahidi.

Wengine wataniuliza: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku tunavaa jaketi, klimatizeri ya nini? Jibu linatoka mwaka 1902. Willis Carrier, injinia kijana wa Marekani, alichora mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Hakuwa anafikiria starehe ya watu. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu na kutanuka, rangi hazikai mahali pake. Kwetu nako ni hivyo hivyo: baridi ni ya vitu. Seva za benki na za simu, dawa, damu, chanjo, samaki. Mtu akisikia joto anafungua dirisha, lakini chanjo haina mkono wa kufungulia.

Zamani hizo mashine zilitumia gesi kali kama amonia na dioksidi ya salfa. Ikivuja ndani ya nyumba, watu wanakufa. Mwaka 1930 ikatangazwa Freon, gesi isiyoua mtu chumbani, kumbe inatoboa tabaka la ozoni huko juu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuondoa gesi za aina hiyo, na Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, dunia ikakubaliana kupunguza hata zile zilizokuja kuzirithi. Kwa fundi, kila badiliko lilileta jambo jipya. R-410A, kwa mfano, inafanya kazi kwa presha iliyozidi ile ya R-22 kwa asilimia 60 hivi. Ndiyo maana swichi za ulinzi zina maana kubwa. Kwanza swichi ilikata mashine tu, unabaki kukisia. Baadaye ikaja karti ya elektroniki, ikaanza kukuonyesha namba: presha imepanda, kompresa imepata moto, fazi moja imepotea.

Sasa turudi kwetu. Kwa miaka mingi umeme wa Goma ulitoka mtoni Ruzizi, upande wa Bukavu, kwa laini ndefu ya SNEL. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga lava katikati ya mji. Desemba 2015 kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kikazinduliwa na kuongeza megawati kama 13. Mwaka 2020 Nuru wakawasha mtambo wa jua pale Ndosho. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudi, na sehemu kubwa ya mji ikabaki gizani. Matokeo yake, leo jengo moja linaweza kuwa na laini mbili na jenereta juu yake. Kila mwenye pesa alijipanga asitegemee chanzo kimoja.

Lakini mashine haijui siasa ya umeme. Inajua fazi tatu na mpangilio wake. Kama jenereta iliungwa kwa mpangilio tofauti na ule wa laini, kompresa za aina ya skrolo zinazunguka kinyume: zinapiga kelele, hazisukumi gesi, na zikiendelea hivyo zinaharibika. Relei ya fazi inazuia, kengele inalia. Niliwahi kukuta mahali walipokwisha kununua karti mbili mpya. Niliuliza swali moja tu: inalia siku zote, ao siku za jenereta? Walitazamana. Tulibadilisha waya mbili kwenye jenereta, ikanyamaza.

Kesi nyingine ni ya hapa Katoyi, chumba cha baridi cha mama mmoja muuza samaki. "Papa fundi, iko inalia tena, kila jioni!" Mchana nilipima, volti 220, hakuna shida. Nikarudi saa moja jioni, wakati nyumba zote zimewasha taa na majiko: volti 170. Volti zikishuka hivyo, mota inavuta ampea nyingi zaidi, inapata moto, ulinzi unakata. Kabla yangu kuna aliyekuwa amepiga shunti, yaani ameunganisha waya mbili ili ile swichi ya ulinzi isikate tena. Kengele ilinyamaza kweli, lakini kompresa ilikuwa inaungua polepole. Tuliondoa shunti, tukaweka stabilizeta na kifaa cha kuchelewesha, ili umeme ukirudi mashine ingoje dakika tano presha zitulie kabla ya kuwaka.

Kwa hiyo mimi nafuata utaratibu huu. Kwanza naandika namba, saa na chanzo cha umeme, bila kufuta kitu. Pili napima volti kati ya fazi zote tatu, mashine ikiwa inazunguka. Tatu natazama kondensa: vumbi letu jeusi la volkano linaziba mapezi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, hivyo inabeba joto kidogo. Kondensa chafu hapa inasumbua haraka. Manometa za gesi zinakuja nyuma ya hayo, na karti ni ya mwisho kabisa.

Mtu asifikiri haya ni mambo ya mafundi peke yao. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, chanjo ilipaswa kutunzwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa onyo hadharani kuhusu maabara ya INRB hapa Goma, kwa sababu ndani yake kulikuwa na sampuli za virusi, pamoja na Ebola. Siku kama hizo kengele inaweza kulia na fundi hawezi hata kuvuka barabara. Kinachosaidia ni kile kilichoandaliwa mapema: mafuta ndani ya jenereta, betri inayofanya kazi, na mtu wa zamu anayejua ile namba inasema nini.

Ombi langu kwa wenzangu mnaosimamia hospitali, maduka, hoteli na ofisi ni dogo. Nunueni daftari la kurasa mia, lifungeni kwa kamba kando ya mashine. Kila kengele iandikwe: tarehe, saa, namba, umeme ulitoka wapi. Fundi akija, mpeni hilo daftari kabla hajafungua boksi la vifaa.