Kwinini ya Amani, mofini ya Muheza

Ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, Usambara Mashariki, unafika mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kati ya mimea waliyoileta ilikuwemo miti ya kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia za meli, magome yake yakageuzwa dawa ya malaria kwa jeshi la Lettow-Vorbeck. Yaani milima hii iliwahi kujitengenezea dawa, pale wakubwa walipokuwa na haraka nayo.

Sasa mfikirie mzee wa Lushoto mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Dawa yake nayo hutoka kwenye mmea. Friedrich Sertürner, mfamasia kijana wa Ujerumani, aliitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa miaka ya 1800, hata kabla kwinini haijatengwa mwaka 1820. Lakini mofini ya kunywa nyumbani imechukua karibu miaka 200 kufika chini ya milima hii.

Hebu kwanza tuyaelewe maumivu yenyewe. Mwaka 1940 Mmarekani Oscar Batson alieleza mtandao wa vena zisizo na vali, unaounganisha nyonga na pingili za mgongo. Damu humo huweza kwenda huku na kule, na seli za saratani nazo. Zikishatua, huchochea mwili kujenga mfupa mpya ovyoovyo, usio imara. Neva zinabanwa. Mzee anasema ni kiuno tu, jembe limemchosha. Na kwa watu wanaolima miteremkoni, nani atashtuka? Ila miguu ikilegea ghafla au mkojo ukikataa kutoka, huenda uti wa mgongo umebanwa, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Walipoondoa korodani, baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya mifupa ndani ya siku chache. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Upasuaji huo bado unafanyika Tanzania, maana sindano za kuzuia homoni ni ghali. Tatizo ni kwamba saratani hatimaye hujifunza kuishi bila homoni ile, na maumivu yanarudi.

Hapo mionzi husaidia sana. Mara nyingi dozi moja tu hutosha kuyatuliza. Lakini kwa miaka mingi mashine zilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Ushuke kona zote hadi Mombo, halafu basi zaidi ya kilometa 300, na kila tuta la barabarani unalisikia mgongoni.

Mofini inaweza kumfuata mgonjwa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji: unga, maji, kihifadhi na rangi, ndani ya chupa ya plastiki. Mgonjwa hunywa kwao, kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko fomula yenyewe, kwani vijijini daktari ni wa kutafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hospitali Teule ya Muheza nayo ikawa na huduma ya tiba shufaa. Enzi zile UKIMWI ulikuwa umetanda, na wagonjwa wake wengi walitoka huko.

Utasikia ndugu wakinong'ona, "Baba atakuwa teja." Ikitolewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ya saratani, jambo hilo hutokea kwa nadra. Kinachowasumbua karibu wote ni choo kigumu, ndiyo maana chupa ya mofini inapaswa kwenda na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.