Baiskeli isiyo na breki, na mzee Meja Taylor

Nimekuwa kimya kwa sababu zamu za usiku zilinibana, na muda kidogo uliobaki nilikuwa naunga baiskeli. Jamani, ile picha niliyotuma kwenye grupu la familia imezua maneno! Mama anauliza breki ziko wapi. Shangazi anauliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini huko. Mjomba amekata shauri kabisa kwamba hiyo ni michezo ya Wazungu. Leo nawajibu wote, ila kwa mjomba nitakaa zaidi.

Mama, hii ni baiskeli ya velodromu, yaani uwanja wa mviringo wa kushindania baiskeli. Velodromu za kisasa zina sakafu ya mbao, mzunguko wa mita 250, na kona zimeinuka kama ukuta, nyuzi arobaini na kitu. Hapa Doha mashindano ya aina hiyo yalifanyika ndani ya jumba la Aspire kwenye Michezo ya Asia, Desemba 2006. (Mimi nilikuwa bado nahangaika na mitihani ya sekondari.) Wanakimbia wakifuatana, tairi la huyu karibu liguse la yule. Mmoja akibana breki ghafla, wa nyuma wote wanakwenda chini. Ndiyo maana hafungi mtu, na unapunguza mwendo kwa miguu.

Kwa miguu vipi? Ile Phoenix ya nyumbani ukiacha kukanyaga inateleza yenyewe, tik-tik-tik. Hii hapana. Gia ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Kaka, wewe fundi utapenda hapa: juu ya gia kuna ringi inayokazwa kwa kuzungusha kinyume, ili ukizuia kwa miguu gia isijifungue. Mbele nimeweka meno 48 na nyuma 15. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara tatu na kidogo.

Na wala si kitu kipya. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover, magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, akaleta tairi la upepo. (Nawaambia kila siku, watu wa tiba tuna mikono!) Enzi zile gia za kukazwa ndizo zilikuwa kawaida. Zile za kuteleza zilienea kuanzia kama mwaka 1900, na barabarani watu wakaendelea kuongeza: breki, madigadi, keria, dainamo. Uwanjani hawakuongeza. Kwa hiyo hii yangu mnayoicheka ni kama babu yake ile Phoenix iliyobeba magunia yetu ya mpunga.

Sasa mjomba. Mwaka 1878 alizaliwa Indianapolis, Marekani, mtoto mweusi aitwaye Marshall Taylor. Alipokuwa mdogo alikuwa akicheza sarakasi za baiskeli mbele ya duka, amevaa sare ya askari, watu wakambandika jina la Meja likamganda. Tarehe 10 Agosti 1899, huko Montreal, Kanada, akawa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Hiyo ni miaka 37 kabla ya Jesse Owens kule Berlin! Halafu fikirini aliyoyapita kufika hapo. Mwaka 1897, Taunton, Massachusetts, mpinzani mzungu alimkaba koo baada ya mbio mpaka akazimia. Viwanja vya kusini vilimfungia milango.

Akaenda kutafuta nje, kama sisi. Mwaka 1901 alikuwa Ulaya, na kwa sababu ya dini yake alikataa kabisa kushindana Jumapili, siku ambayo viwanja hujaa. Paris alishindwa mara ya kwanza na bingwa wa Ufaransa, Edmond Jacquelin, waliporudiana akamshinda. Akaenda mpaka Australia, na binti yake aliyezaliwa huko mwaka 1904 akamwita Sydney.

Alistaafu mwaka 1910 akiwa amechuma fedha nyingi. Biashara zikamwendea mrama, afya nayo. Mwaka 1928 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa fedha zake mwenyewe, akawa anakiuza mlango kwa mlango. Alifariki Juni 1932 katika wodi ya wasio na uwezo, Hospitali ya Cook County, Chicago, na hakuna aliyekuja kuuchukua mwili. Hapo niliacha kusoma kwanza. Nimewahi kukaa na mgonjwa ambaye simu yake haiiti. Wauguzi wa zamu ile sijui kama walijua wamemfunika nani.

Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani, kwa fedha za Frank Schwinn mwenye kiwanda cha baiskeli, walimhamishia kwenye kaburi lenye jina lake. Na mwaka 1982 Indianapolis kulifunguliwa velodromu inayoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kwa sasa nimefunga breki moja ya mbele (mama, umesoma?), maana nafanyia mazoezi kwenye njia ya baiskeli ya kwenda Al Khor, ile ya karibu kilomita 33 iliyoingia kitabu cha Guinness mwaka 2020. Likizo nitapita London kwa binamu, kuna mafunzo ya wanaoanza kwenye velodromu ya Olimpiki ya 2012. Hapo ndipo nitaivua. Kilichobaki ni kile kipande kinachoshika usukani. Taylor alitumia cha kusogezwa mbele ili alale chini zaidi, na wapenzi wa baiskeli za kale bado wanakiita kwa jina lake. Nimeagiza kimoja kilichotumika, kinakuja kwa posta.

Bibi msomeeni hii kwa sauti, na mjomba ajibu!