KADI ZISIZOOMBWA
Historia fupi ya mkopo wa kadi, na funzo lake kwa sanduku letu

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Ndani ya kijitabu hiki cha miaka kumi tumesimulia habari za hisa zetu, mikopo yetu na faida tuliyogawana. Tumeona si vibaya tuweke pia historia ya mkopo wa namna nyingine, ule unaokuja kukupigia hodi wakati hujauita. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba mkutano mkuu ujao unalo jambo la kuamua, nalo tutalieleza mwishoni.

Tuanze na Fresno, mji wa jimbo la California, Marekani. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia watu 60,000 wa mji huo kadi za mkopo kwa posta. Hawakuziomba wala hawakujaza fomu. Mtu alifungua bahasha akakuta kadi yenye jina lake, na mkopo wa dola 300 hadi 500 unamsubiri. Kwa nini benki ikafanya vile? Mwenye duka hapokei kadi kama wateja hawana, na mteja hana haja ya kadi kama maduka hayaipokei. Basi benki ikaamua kumwaga kadi mji mzima kwa mpigo. Huo ndio mwanzo wa kadi ambayo tangu 1976 inaitwa Visa.

Msimamizi wa mpango huo, Joseph Williams, alitazamia kwamba asilimia 4 ya madeni yangechelewa kulipwa. Ikawa asilimia 22. Na wezi nao hawakulala. Siku zile hapakuwa na mashine ya kuhakiki kadi dukani. Muuza duka alipaswa kuipigia benki simu pale tu bei ilipozidi kiwango fulani. Wezi wakakijua kiwango hicho, wakawa wananunua chini yake kidogo, leo duka hili, kesho lile. Hasara iliyotangazwa ilikuwa kama dola milioni 8.8, na Williams akaacha kazi.

Mtu angedhani biashara imekufa. La hasha! Benki ilikaza taratibu zake, na mwanzoni mwa miaka ya 60 kadi ikaanza kuleta faida. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kwa mwenye kutafuta soko, wizi ule uligeuka kuwa gharama tu ya kupata wateja, kama vile gharama ya tangazo la redio. Na gharama hiyo hailipwi na benki peke yake. Wenye maduka huichangia kwa ada, na wanaokopa kwa uaminifu huichangia kwa riba.

Wengine wakaiga. Mwishoni mwa 1966 benki za Chicago zilituma kadi kama milioni 5, tena karibu na Krismasi wakati watu wana hamu ya kununua. Zilifika kwa watoto wachanga, kwa wafungwa, hata kwa marehemu! Nyingine ziliibwa njiani kabla mwenye jina hajajua kama ana kadi. Kisha madai ya malipo yakamfuata yeye, mtu asiyeomba kitu. Malalamiko yalizidi hata mwaka 1970 Bunge la Marekani likapiga marufuku kutuma kadi isiyoombwa. Sheria ikaweka pia kwamba kadi ikiibwa, mwenyewe asidaiwe zaidi ya dola 50.

Akina mama, zingatieni jambo hili. Miaka ileile ambayo kadi zilikwenda kwa marehemu, mwanamke mwenye kazi na mshahara wake aliweza kuambiwa na benki alete kwanza sahihi ya mumewe. Ni sheria ya mwaka 1974 iliyokataza ubaguzi huo wa jinsia na ndoa katika mikopo. Kumbe tatizo halikuwa uhaba wa fedha. Mkopo ulimfuata aliyetafutwa na soko, si yule aliyeuhitaji.

Baadaye hata hofu ya wizi yenyewe ikawa bidhaa. Huko Uingereza kampuni ya CPP iliuza bima ya kadi kwa pauni kama 35 kwa mwaka, ilhali benki za wateja tayari zilibeba hasara hiyo. Mwaka 2012 ilitozwa faini ya pauni milioni 10.5, na mwaka uliofuata ukaandaliwa mpango wa fidia kwa watu wapatao milioni 7.

Je, sisi yanatuhusu nini, na wengi wetu hatuna kadi? Tunazo simu. Wote tunaufahamu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mwenzetu mmoja ulimmalizia mtaji wa vitenge. Mikopo ya simu nayo imeingia majumbani. Jirani zetu wa Kenya walirekebisha sheria mwaka 2021 ili Benki Kuu iwasimamie wakopeshaji hao, baada ya watu kulia kwamba ndugu na marafiki zao wanapigiwa simu za kudaiwa.

Sasa jambo lenyewe. Wakala wa kampuni moja ya mikopo ametuomba orodha ya majina na namba za simu za wanachama wote, ili kila mmoja afunguliwe mkopo "bila usumbufu wa kuomba". Ameahidi fulana na kanga za sherehe. Jamani, hiyo si Fresno iliyohamia kwetu?

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Anayetaka mkopo husimama mbele ya wenzake akasema ni wa nini na ataurudisha lini. Huo mnaoambiwa ni usumbufu ndio uliotulinda miaka kumi. Anayependa mkopo wa simu aende mwenyewe kwa hiari yake, hatumzuii. Lakini orodha ni mali ya kikundi zima. Rai yetu ni kwamba isitolewe. Njooni mkutanoni, kila mmoja aseme lake, kisha tupige kura.

Sherehe njema.