Point Grey: Jimbo Linaloangusha Vigogo

Jimbo la uchaguzi la Vancouver-Point Grey, magharibi mwa jiji la Vancouver nchini Kanada, limekuwa likipeleka wabunge Victoria, makao makuu ya mkoa wa British Columbia, tangu mwaka 1933. Anayelisifu huanza na mawaziri wakuu watatu wa mkoa waliolishika mfululizo: Gordon Campbell, Christy Clark na David Eby. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inaficha jambo lenye uzito zaidi. Mara tatu wapiga kura wa hapa wamemwangusha kigogo wa serikali katika uchaguzi uleule ambao chama chake kilishinda mkoa mzima. Mara moja ingeweza kuwa bahati mbaya ya mgombea. Mara tatu, katika vizazi vitatu, ni tabia, na tabia hiyo ndiyo historia halisi ya jimbo hili.

Point Grey ilikuwa manispaa inayojitegemea, yenye wakazi wengi wenye nafasi, hadi ilipounganishwa na Vancouver mwanzoni mwa 1929. Miaka minne kabla ya hapo Chuo Kikuu cha British Columbia kilikuwa kimehamia kwenye ncha ya rasi, juu ya ardhi ya Wamusqueam, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Hao Wamusqueam hawakuruhusiwa kupiga kura ya mkoa hadi 1949, na raia wenye asili ya China na India hawakuruhusiwa hadi 1947, kwa hiyo matokeo ya miaka ya mwanzo tuyasome kwa tahadhari: ni sauti ya waliokubaliwa kusema. Hata hivyo, alama ya chuo ilionekana mapema. Miongoni mwa wabunge wa kwanza alikuwamo Profesa George Weir wa Liberal, aliyekuwa waziri wa elimu na mpiganiaji wa bima ya afya. Mwaka 1941 akaingia Tilly Rolston wa Conservative, ambaye baadaye alihamia Social Credit na mwaka 1952 akakabidhiwa wizara ya elimu.

Anguko la Rolston mwaka 1953 ndilo ushahidi ninaouthamini kuliko wote, kwa sababu ya namna kura zilivyopigwa. Wakati huo mpiga kura alipanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwa kuwa Point Grey ilikuwa na viti vitatu, alipewa karatasi tatu, kila kiti na yake. Watu walewale, siku ileile, walimpa kiti Robert Bonner, mwanasheria mkuu wa serikali ya Social Credit, wakamnyima Rolston wa chama hichohicho, aliyeshindwa na Arthur Laing, kiongozi wa Liberal. Social Credit ikapata wingi wa viti bungeni bila waziri wake wa elimu. Huwezi kusema jimbo lilikuwa linakikataa chama. Lilikuwa linapima watu, na mpango wa fedha za shule uliobeba jina la Rolston ulikuwa umewaudhi wengi.

Bonner naye zamu yake ilifika. Mwaka 1966 serikali yake ilirudi madarakani, lakini yeye akaanguka. Viti vya Point Grey, ambavyo sasa vilikuwa viwili, vilichukuliwa na Pat McGeer, mtafiti wa ubongo chuoni hapo, na Garde Gardom, wote wa Liberal. Kisha ikaja 2013. Christy Clark alikuwa ameingia kwa uchaguzi mdogo wa Mei 2011, akimshinda David Eby kwa kura zisizofika 1,000. Miaka miwili baadaye chama chake kilishinda mkoa kinyume na kura za maoni, naye waziri mkuu akapoteza kiti chake kwa Eby huyohuyo kwa zaidi ya kura 1,000.

Atakayenipinga atasema yote haya ni kazi ya mipaka na idadi ya viti. Kwa 1966 ana hoja, maana jimbo lilikuwa limepunguzwa. Kwa 2013 hana: mipaka ilikuwa ileile iliyompa Campbell ushindi 2009 na Clark 2011. Mwingine atauliza mbona McGeer alikaa tangu 1962 hadi 1986, akihamia Social Credit katikati ya safari bila kuadhibiwa. Jibu langu ni kwamba hilo nalo linaonyesha kura ilimfuata mtu. Walipoondoka yeye na Gardom, jimbo lilichagua kwa mkupuo mmoja Kim Campbell wa Social Credit, waziri mkuu wa Kanada wa baadaye, na Darlene Marzari wa NDP. Gordon Campbell ni mfano mgumu zaidi, kwani alishinda hapa mara nne. Lakini kodi mpya ya mauzo iliyomharibia jina ilitangazwa baada ya uchaguzi wa Mei 2009, naye akajiuzulu kabla ya kurudi mbele ya wapiga kura hawa.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hukumu ya Point Grey haikumzuia mtu. Bonner alipata kiti kingine Cariboo, na Clark akaachiwa nafasi Westside-Kelowna, ambako alishinda Julai 2013. Ni kweli, na ni kasoro ya utaratibu wa Kanada inayostahili kulaumiwa waziwazi. Lakini kila mmoja alilazimika kwenda kuomba kura kwa wageni, mbali na Vancouver, na Eby aliyeachiwa uwanja akapanda hadi kuwa waziri mkuu Novemba 2022. Oktoba 2024 chama chake cha NDP kilipata viti 47 kati ya 93, wingi wa kiti kimoja tu. Safari hiyo Point Grey ilimrudisha.