Chura na Tone la Maji: Historia ya Mkazo na Uchovu wa Misuli

Katika karne ya 2 BK, Galen, tabibu aliyewahi kuwauguza wapiganaji wa uwanjani mjini Pergamon, alikuwa na onyesho lililowashangaza watazamaji. Alimfunga nguruwe, akamkata mishipa ya fahamu iendayo kooni, na mnyama aliyekuwa akipiga makelele akanyamaza papo hapo huku akiendelea kufurukuta. Kwa Galen, hilo lilithibitisha kwamba ubongo hupeleka kitu chepesi, mfano wa pumzi, kupitia mishipa hiyo, nacho ndicho kiamshacho misuli. Fundisho hilo lilidumu kuliko dola iliyolizaa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliirithi tiba ya Galen na kuipanga upya katika Qanun yake, na kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, vyuo vya Ulaya vilikisoma kwa mamia ya miaka.

Karne ya 17 iliigeuza pumzi hiyo kuwa mitambo. Descartes alieleza kwamba msuli hujaa kitu kitokacho ubongoni, ukavimba na kufupika kama kiriba kinachopulizwa. Katika miaka ya 1660, Mholanzi Jan Swammerdam aliipima hoja hiyo kwa kifaa ambacho hata mwanafunzi wa leo angeweza kukiunda. Alitia msuli wa chura ndani ya kichupa chenye shingo nyembamba, akaweka tone la maji shingoni, kisha akaugusa mshipa wa fahamu. Msuli ukafupika. Tone halikupanda. Hakuna kilichoongezeka ndani ya kichupa, kwa hiyo hakuna kilichoingia katika msuli. Nionavyo, jaribio hilo peke yake lilitosha kuizika nadharia ya karibu miaka 1,500. Lakini Swammerdam alifariki mwaka 1680, na maandishi yake yakapigwa chapa mwaka 1737 na 1738.

Kama si pumzi, ni nini basi? Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alichapisha habari za miguu ya chura iliyoruka kwa umeme. Alessandro Volta alimpinga, akisema umeme ule ulitoka katika metali na si katika mnyama, na ubishi wao ukaizaa betri ya mwaka 1800. Nusu karne baadaye, mwaka 1850, Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara katika mshipa wa fahamu wa chura, akapata karibu mita 30 kwa sekunde. Amri ya ubongo, iliyodhaniwa kufika papo kwa papo, ikaonekana kuwa na mwendo wake.

Uchovu ulisubiri hadi zama za viwanda, nguvu za mfanyakazi zilipoanza kuhesabiwa kama makaa ya mawe. Huko Turin, Angelo Mosso alitengeneza kifaa cha kufunga mkono, kidole cha kati kikaachwa kivute uzito huku kalamu ikichora kila mvuto. Mistari ilianza mirefu, ikapungua, ikafa. Katika kitabu chake cha mwaka 1891, Mosso alionyesha jambo la ajabu zaidi: mwenzake aliyeshinda akiwatahini wanafunzi, bila kunyanyua kitu, alichoka kidole mapema kuliko kawaida.

Lakini wanakemia walikuwa na mshitakiwa wao. Tangu mwanzo wa karne ya 19, Berzelius alikuwa ameiona asidi laktiki katika nyama ya paa waliowindwa. Mwaka 1907, Fletcher na Hopkins wa Cambridge walithibitisha kwamba asidi hiyo hujikusanya katika msuli wa chura unaochoka, na hupungua ukipata oksijeni. Wanasayansi Hill na Meyerhof walitunukiwa Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi iliyofuata njia hiyo. Kisha, mwaka 1930, Einar Lundsgaard wa Denmark aliutilia msuli sumu inayozuia asidi hiyo kutengenezwa kabisa. Msuli uliendelea kukaza kwa muda, kisha ukachoka na kukakamaa. Kesi ilipaswa kufutwa siku hiyo, lakini hadi leo kuna makocha wanaoirudia hukumu ile.

Chanzo cha nishati ya msuli kilitambuliwa kuwa ATP, kemikali inayobeba nishati katika seli. Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, huko Szeged, Hungaria, kundi la Albert Szent-Györgyi lilitengeneza nyuzi za protini mbili, aktini na myosini, likaona zikinywea zilipotiwa ATP. Ndipo, tarehe 22 Mei 1954, jarida la Nature likachapa makala mbili zikifuatana: moja ya Andrew Huxley na Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa na udugu wowote. Makala zote zilisema nyuzi hazifupiki. Huteleza, nyembamba zikipita kati ya nene. Vichwa vya myosini hushika, huvuta, huachia. Miaka ya 1960, Setsuro Ebashi wa Japani alionyesha kwamba kalisi ndiyo inayofungua njia ya kushika.

Kuachia nako hugharimu ATP. Waosha maiti wa pwani wanaijua hali ya misuli isiyoachia bila jina lake: marehemu hufumbwa macho, hufungwa taya na kunyooshwa viungo mapema, kwa kuwa baada ya saa chache mikono haikunjiki. ATP imekwisha, na vichwa vimebaki vimeshika.

Kwa uchovu wa walio hai, ushahidi uligawanyika. Mwaka 1966, Bergström na Hultman wa Sweden walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja, kisha wakajikata vipande vidogo vya misuli. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umemaliza akiba yake ya glaikojeni, sukari inayohifadhiwa msulini. Baada ya siku chache za kula wanga, ukaweka akiba kubwa kuliko ule uliopumzika. Mwaka 2002, Westerblad na wenzake walieleza kwamba fosfati inayobaki baada ya kazi ndiyo idhoofishayo mkazo, kuliko asidi. Na ubongo, aliougusia Mosso, umerudi mahakamani.

Gharama ya mkazo nayo hutofautiana kati ya watu. Katika miaka ya 1990, mtafiti Bengt Saltin na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni ulilingana. Tofauti ilikuwa katika gharama: kwa kasi ileile, Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kulingana na uzito wao, na damu yao ilikuwa na amonia na laktiki kidogo.