Bunduki ya Midomo Miwili: Thamani Yake na Majina Yasiyoandikwa

1. Utangulizi

Historia ya silaha za moto katika Afrika ya Mashariki imehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na msamiati wa Kiswahili. Neno bunduki lina asili ya Kiarabu. Gumegume ilikuwa bunduki ya kuwashwa kwa jiwe. Ikafuatwa na bunduki ya fataki, kisha ikaja bunduki ya viasi, ambayo haikushindiliwa tena mdomoni bali ilitiwa risasi kwa nyuma. Hata lakabu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe aliyefariki Unguja mwaka 1905, yaani Tippu Tip, husimuliwa kuwa iliiga mlio wa bunduki. Mhadhara huu unachunguza tawi moja la ukoo huo, yaani bunduki ya midomo miwili ya kuwindia wanyama wakubwa, na kuuliza ni nini hasa kinachonunuliwa pale inaponunuliwa leo.

2. Chombo na sababu zake

Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ilitoa kiasi cha .450 chenye baruti isiyo na moshi, na bunduki nzito za baruti nyeusi zikaanza kupitwa na wakati. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza nchini India ilipiga marufuku viasi vya .450, kwa hofu kwamba risasi zake zingewafikia waasi. Mafundi wakabuni vipimo vingine, kikiwemo .470, ambacho kilienea sana Afrika.

Sababu ya kuwa na mitutu miwili ni rahisi kueleza. Kichakani, tembo huonekana akiwa hatua chache tu, na muda wa kuvuta komeo haupo. Bunduki hii ina mitambo miwili na vifyatulio viwili visivyotegemeana. Mmoja ukikwama, wa pili u tayari.

3. Upimaji wa thamani

Mnunuzi mwenye ujuzi hutanguliza mitutu. Huchungulia mifuo ya ndani kutafuta vidonda vya kutu, kwa kuwa fataki za zamani ziliacha chumvi iliyokula chuma. Huining'iniza mitutu na kuigonga kidogo: ikilia kama kengele, lehemu ni nzima, sauti ikififia, pana mahali palipoachia. Hutazama iwapo inacheza inapofungwa, na iwapo kitako kimepasuka nyuma ya mtambo kutokana na kishindo. Alama za ukaguzi za London au Birmingham humwonyesha shinikizo ambalo bunduki ilijaribiwa kulistahimili.

Jaribio kuu, hata hivyo, ni la shabaha. Fundi aliiunganisha mitutu kwa subira, akipiga, akilegeza lehemu na kurekebisha, hadi risasi za kulia na kushoto zikaangukia karibu karibu katika umbali maalumu. Ulinganifu huo ulifanywa kwa kiasi mahususi cha baruti na uzito mahususi wa risasi. Ukibadilisha kimoja, mitutu hutengana shabaha, ijapokuwa kwa macho bunduki ni nzuri. Ndiyo maana urembo wa nakshi si hoja ya kutosha.

4. Majina

Baada ya chuma huja daftari. Namba ya bunduki hulinganishwa na kumbukumbu za mtengenezaji ili kumjua mmiliki wa kwanza, na jina hilo huweza kuizidishia bei mara nyingi. Mwaka 2011 bunduki ya Westley Richards ya .577 iliyokuwa ya mwandishi Ernest Hemingway iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 300,000.

Lakini bunduki hizo hazikubebwa na wenyewe. Theodore Roosevelt, aliyefika Mombasa mwaka 1909 na bunduki ya midomo miwili ya Holland & Holland, aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1910 wabebaji wake wa bunduki, Muhamed na Bakari. Mbebaji alitembea nyuma ya bwana wake, akampa silaha iliyojazwa, na alitakiwa kusimama imara mnyama aliposhambulia. Aidha, Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki zenye mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye idhini, wakiwemo wasafiri. Hivyo mbebaji aliilinda, aliisafisha na kuielewa silaha ambayo sheria haikumkusudia kuimiliki.

5. Hitimisho

Ni dhahiri kwamba hati ya umiliki inayopandisha bei inaeleza nusu ya historia tu. Makumbusho au mtafiti anayeipima bunduki ya aina hii hana budi kuuliza swali ambalo mnada hauulizi: nani aliibeba? Pale jina la mbebaji linapopatikana katika shajara, barua au picha, liandikwe kando ya jina la mmiliki. Mitutu miwili hulenga sawa pale tu inapokuwa imelinganishwa; historia nayo haina mizani nyingine.