Katibu na Kitabu: Habari za Nangara na Mji wa Babati

Msafiri atokaye Arusha kwa njia kuu ya kusini, akiisha kuliacha Ziwa Manyara mkono wake wa kuume na kupita Minjingu, mahali ichimbwapo fosfeti inayosagwa kuwa mbolea, hukata mbuga za Magugu zenye joto na mashamba ya mpunga, kisha gari huanza kupanda taratibu, hewa ikabadilika, na mlima Kwaraa ukajitokeza mkono wa kushoto, aghalabu umejitwika wingu. Na chini yake umelala mji wa Babati, pamoja na ziwa lake dogo lenye viboko, ambalo maji yake hayana mlango wa kudumu wa kutokea. Nangara ni mojawapo ya kata za mji huo, nayo haina ngome wala gofu la kumvuta mtalii. Wala sikuichagua kwa sababu ya magofu. Niliichagua kwa sababu ya swali ambalo miji mingi ya bara inajiuliza siku hizi, nalo ni hili: nyumba ya vitabu ikichakaa, au ikiwa haijapata kusimama ipasavyo, je, ijengwe nyingine mfano wake, ama lijengwe jumba moja la jumuiya, lenye ukumbi, vyumba vya mafunzo, mashine za kompyuta na rafu za vitabu ndani yake?

Kabla ya kulijibu, yafaa tumjue mwenye mji. Wenyeji wa kale wa nchi hii ni Wagorowa, ambao majirani zao huwaita Wafyomi, na lugha yao ni ya jamaa moja na Kiiraki cha watu wa Mbulu, jamaa ya Kikushi iliyoshuka kutoka kaskazini dahari nyingi zilizopita. Karibu nao wamo Wabarbaiga, wafugaji wa jamaa ya Datoga, ambao lugha yao ni ya asili ya Kiniloti. Na Wambugwe na Warangi, ambao lugha zao ni za Kibantu. Ni nadra katika Afrika kupata mahali padogo kama hapa ambapo lugha zisizo na undugu wowote zimekutana kisimani na sokoni. Alhasili, Kiswahili hapa hakikuwa lugha ya mama wa mtu, kilikuwa lugha ya mapatano, na kitabu cha Kiswahili kilipofika kilimkuta kila msomaji akiwa mgeni wake kwa kiasi kile kile. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwa mwenye kujenga maktaba si dogo: katika nyumba hiyo hakuna kabila litakaloketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Historia ya Babati, mtu akiisoma kwa utulivu, ni historia ya mipaka. Zama za Waingereza mji huu ulihesabiwa katika wilaya ya Mbulu, na boma lililouamuru lilikuwa huko juu milimani, ijapokuwa njia kuu, ile waliyoiota kutoka Cape Town hadi Cairo, ilipita hapa bondeni. Mwaka 1969 ikakatwa wilaya ya Hanang. Mwaka 1985 Babati ikatengwa na Hanang ikawa wilaya. Na mwaka 2002, mkoa wa Arusha ulipogawanywa, ukazaliwa mkoa wa Manyara wenye wilaya tano, Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro na Kiteto, na makao yake yakawekwa hapa. Kila mpaka uliohama ulileta ofisi, na kila ofisi ilitaka nyumba. Katika Kiarabu, tulikochota maneno haya, kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja, nao ni kuandika. Walakini katika miji yetu ndugu hawa hawakurithi sawa, kwani katibu hupata nyumba tangu siku ya kuundwa kwa wilaya, na kitabu husubiri, kikilala leo katika chumba cha shule, kesho katika kona ya ukumbi, keshokutwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyesafiri.

Tena tusidhani kwamba upangaji huo wa kitabu ni aibu ya leo. Pwani, ambako elimu ya kuandika ina umri mkubwa kuliko mipaka yote niliyoitaja, kitabu hakikupata kukaa peke yake. Katika msikiti wa Riyadha huko Lamu, ambao Habib Saleh aliufanya kitovu cha elimu, vitabu vilivyoandikwa kwa mkono viliwekwa wakfu kwa wanafunzi, wala havikuwa na jumba lao: vilikaa pale pale palipo na darasa, sala, maulidi na maombi ya mvua. Mombasa nayo ilipata maktaba na chumba cha kusomea cha bure cha Seif bin Salim tangu mwaka 1903, kabla Nairobi haijawa mji wa kutajwa. Na Nairobi ilipopata ya kwake, McMillan, mwaka 1931, ilikuwa na nguzo za mawe na simba mlangoni, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kupita kati ya simba hao. Ukizipima nyumba hizo kwa uzuri wa mawe, Lamu itashindwa. Ukizipima kwa idadi ya mikono iliyofunua kurasa kwa haki, sijui kama McMillan ya siku zile ingethubutu kupanda mizani.

Huku bara kitabu kilikuja ndani ya sanduku. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, pamoja na kuchapisha vitabu vya Kiswahili na lugha nyingine, lilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni, katika vyama na katika vituo vya ustawi wa jamii, na kwa asiyekuwa na kituo likamtumia kitabu kwa posta. Vituo hivyo vya ustawi vilijengwa katika miji midogo baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kwa ajili ya askari waliorudi, na ndani yake mlikuwa na chai, bao, gazeti, mafunzo ya jioni na rafu ya vitabu. Dar es Salaam ilipata kilicho kikubwa kuliko vyote, ukumbi wa Arnautoglu, kwa fedha za mkulima wa mkonge, Myunani George Arnautoglu. Na katika ukumbi huo, Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, ambacho mwaka uliofuata kilizaa TANU. Serikali iliyojenga vituo ili watu watulie ilipata watu wakifikiri, na mwenye kulichunguza jambo hili ataona kwamba bao, chai na gazeti la Mambo Leo vilisaidia kazi hiyo kuliko kimya cha chumba cha kusomea.

Kisha ikaja zama ya kukipa kitabu nyumba yake. Mwaka 1960 Sydney Hockey, mtaalamu wa maktaba wa shirika lile lile, aliandika ripoti ya kushauri namna ya kueneza huduma za maktaba katika Afrika ya Mashariki, na Tanganyika ikaifuata kwa sheria ya mwaka 1963 iliyounda bodi ya taifa, ambayo ilianza kazi mwaka 1964. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha miaka sita ya uhuru, Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu Dar es Salaam. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwa kuwa nchi ambayo imekosa skuli nyingi kwa umaskini na kufungua chache kwa jasho inahitaji mahali ambapo mtu aweza kuketi bila kununua soda wala kujiunga na chama. Ila nyumba ile ya Dar es Salaam ilikuwa na mishahara, wakutubi waliofunzwa na ruzuku ya serikali. Na matawi yalipoelekea mikoani na wilayani, kila kilomita iliyoongezeka ilipunguza kitu: kwanza vitabu vipya, kisha karani wa pili, kisha umeme, na mwisho magazeti ya juma hili.

Waama, kilichoifikia Nangara na vijiji vya jirani kwa wingi si maktaba za wilaya, ni kisomo. Mwaka 1970 Nyerere aliufanya mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika muda wa miaka michache watu waliokuwa wakitia dole gumba kwenye wino walikuwa wakiandika majina yao ubaoni. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967, na walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Ili wasisahau walichojifunza, zikaanzishwa maktaba za vijiji, vitabu vilivyowekwa katika kabati shuleni au nyumbani kwa mtu mwaminifu, vya kilimo cha pamba, ufugaji wa ng'ombe, uzazi na siasa. Kabati hizo ndizo maktaba halisi ambazo wengi wa wazee wetu wa bara walipata kuziona, na anguko lao lilikuwa la taratibu: kitabu kilichoazimwa hakikurudi, kilichorudi hakikuwa na mwenzake mpya, mchwa wakafanya kazi yao bila ruhusa ya kamati, na katika miaka ya 1980, uchumi ulipokaza, hakuna aliyekumbuka kwamba mtu aliyefunzwa kusoma ana njaa ya pili baada ya ile ya tumbo.

Ndiyo maana sishangai watu wa leo wanapotaka jumba la jumuiya badala ya maktaba. Mwenendo wenyewe umeenea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizinduliwa maktaba mpya mwezi Novemba 2018, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za vitabu 800,000, na ndani yake mna ukumbi wa mikutano na taasisi ya kufundisha Kichina. Maana hata wenye elimu ya juu wameona kwamba kitabu chahitaji majirani. Nairobi imechukua njia nyingine, nayo ndiyo inayonigusa zaidi: taasisi ya Book Bunk, iliyoasisiwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ilikubaliwa na serikali ya jiji kuzikarabati McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na ilianza kwa kuwauliza majirani wa mitaa ile wanataka nini, kabla ya kununua rangi. Kaloleni, maktaba na ukumbi wa jamii vilikuwa majirani, na ukumbi ule, kwa mijadala yake mikali ya siasa, watu waliupa jina la utani la bunge la Waingereza. Hapana aliyeona kwamba makelele ya ukumbi yaliidhuru maktaba; kilichoidhuru ni paa bovu na kusahauliwa.

Nirudi Babati, ambako kielelezo bora cha ulinzi wa mali ya umma hakimo katika vitabu vya fani ya maktaba. Kimo msituni. Misitu ya miombo ya Duru-Haitemba, katika wilaya hii hii, ilikuwa ikitengwa iwe hifadhi ya serikali, na watu walipopata habari kwamba mipaka inapimwa waliingia kwa haraka kukata walichoweza kukata kabla hakijawa cha wengine. Mwaka 1994, badala ya kuongeza askari, serikali ilikubali kuviachia vijiji vyenyewe viilinde, kwa sheria ndogo walizozitunga, walinzi waliowachagua miongoni mwao, na faini zilizopangwa na mabaraza yao. Na msitu ukarudi kuota. Wataalamu kutoka nchi nyingi wamekuja kujifunza jambo lile. Sidhani kama yupo aliyelihamisha na kulipeleka kwenye rafu ya vitabu, ingawa kabati la kijiji na msitu wa kijiji ni ndugu: vyote viwili huliwa na mchwa na wajanja pale vinapokuwa vya serikali peke yake.

Basi mwenye kujenga Nangara ajenge jumba la jumuiya, wala asione haya, maadamu pwani na bara kitabu kimelala siku zote katika nyumba ya wengine. Ila alijenge kwa kumbukumbu. Ziwa Babati, kwa kuwa halina mlango wa kudumu wa kutokea, liliingia mjini katika mafuriko ya mwaka 1964, ya 1979 na ya 1990, na mkulima yeyote wa bondeni aweza kumwonyesha mjenzi maji yalifika wapi ukutani, hata kama mchoro wa mhandisi haujui. Msingi uinuliwe, na vitabu visiwekwe chini. Ukumbi ukodishwe kwa harusi, mikutano na mafunzo ya ushonaji, na kodi hiyo ilipe karani wa vitabu na taa za jioni, iandikwe hivyo katika sheria ndogo ya halmashauri ya mji, kama vile faini za Duru-Haitemba zilivyoandikwa, maana ahadi ya mdomo katika sherehe ya uzinduzi hukauka kabla ya rangi. Na upande wa vitabu uwe na mlango wake wenyewe unaotazama barabara, ili mtoto wa Nangara aliyekuja kwa miguu Jumamosi asikute vibao vya harusi na matarumbeta vimemfungia njia, na ufunguo wa mlango huo usiwe katika mfuko wa mtu yule yule anayekodisha viti.